Sisimizi Kwenye Mgomba wa Mbuthia

Mume wangu Mbuthia ana mgomba wake nyuma ya nyumba, na jirani yake Oduor ana wake. Ndizi zote ni zangu, hilo lijulikane. Wao kazi yao ni kumwagilia tu.

Wote wawili wana moyo uliochoka kusukuma damu, na hospitalini walipewa tembe za kutoa maji mwilini. Ukishameza hiyo tembe, mkojo haukungojei. Choo cha ploti yetu ya kupangisha kiko mbali, na kila ukienda unakuta mpangaji ndani anaongea na simu. Basi wazee wakakubaliana kila mtu achague mgomba. Nimewapigia kelele mpaka nimechoka. Siku hizi nikisikia mlango unafunguliwa mbio mbio, nageuza uso na kuendelea kuosha masufuria.

Oduor ni mpangaji wetu hapa Mutuini tangu akiwa kijana, alipotoka Ugenya na msumeno na shati la kubadilisha. Anatengeneza vitanda kando ya barabara ya Ngong, karibu na Adams Arcade. Kitanda chetu alikitengeneza yeye. Yeye na Mbuthia sijawahi kuwasikia wakiongea kwa heshima. Oduor humwita mume wangu "mwenye ploti", vile mtu anataja ugonjwa. Mbuthia humwita "fundi wa vitanda vya kelele". Walianza kuugua mwaka mmoja, na hata hapo wakabishana ni nani alianza.

Mimi lakini sikuwa nacheka. Mbuthia alikuwa hawezi tena kulala. Akijinyoosha tu, anahema kama mtu anayezama majini. Akawa analala ameketi kwenye kiti cha sebuleni, miguu imevimba juu ya stuli, na mimi peke yangu kwenye kitanda kikubwa cha Oduor. Haki, sikutaka kitu kingine duniani. Nilitaka mume wangu arudi kitandani.

Ndipo Daktari Kiilu, yule binti wa kliniki ya moyo kule mjini, akatuketisha chini na kutueleza polepole. Kuna dawa ya kisukari ambayo inaonekana inasaidia moyo. Sasa wanataka kuijaribu kwa watu wenye moyo mgonjwa lakini hawana kisukari. Nusu yao watapata dawa yenyewe. Nusu watapata tembe inayofanana nayo kabisa, ila ndani haina kitu.

"Mimi hata chai nakunywa bila sukari," Mbuthia akasema. "Dawa ya kisukari ni ya nini?"

"Ni ya moyo, baba. Ndiyo tunaijaribu."

"Na mimi utanipa gani, ya ukweli au ya uongo?"

"Kompyuta ndiyo inachagua. Hata mimi sijui, na hamtakiwi kujua mpaka jaribio liishe. Likiisha, kama dawa inafaa, waliokosa nao watapewa."

"Daktari hujui dawa unayotoa, na umevaa hilo koti jeupe?"

"Wacha kusumbua mtoto wa watu," Oduor akamwambia. "Wewe mwenyewe hujui paa la ploti yako linavuja wapi, na hakuna mtu amekuvua koti."

Wakatia sahihi wakicheka. Kila mmoja akapewa mkebe wake.

Ile kompyuta ilificha siri vizuri sana, sikatai. Tatizo ni kwamba haikufikiria sisimizi. Dawa yenyewe hutoa sukari mwilini kupitia mkojo, hata kama huna kisukari. Asubuhi moja nilienda kukata majani ya ng'ombe nikaona mstari mweusi wa sisimizi umenyooka mpaka kwenye mgomba wa Oduor. Walikuwa wamejaa pale chini kama watu wa harusi wakisikia chakula kiko tayari. Kwa Mbuthia, hakuna hata mmoja.

Oduor alikuja akachuchumaa, akatazama, akapiga makofi. "Mwenye ploti! Njoo uone! Kompyuta imenipenda mimi!"

Mbuthia alitoka na fimbo yake, akatazama mgomba huu, akatazama ule. "Sisimizi hawawezi kuja kwangu," akasema. "Wanajua hapa kuna kodi."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa meno tu. Kila wiki Oduor alizidi kupata pumzi. Akawa anapanda ule mlima wa kutoka steji ya matatu bila kusimama, anabeba mfuko wa dawa zao wote wawili wakitoka kliniki, huku mume wangu akivutwa nyuma kama ndama mgonjwa. Nilimwonea wivu, nasema ukweli. Niliona uchungu hata kumpelekea sahani ya githeri.

Oduor naye akaacha kujisifu. Siku moja alimkuta Mbuthia amelala kitini saa za mchana, mdomo wazi. Akasimama hapo mlangoni kwa muda, akaenda zake bila mzaha wowote. Ningeshtuka hapo, lakini nilikuwa na shida zangu.

Halafu, baada ya safari nyingine ya kliniki, Mbuthia akaanza kupona. Miguu ikapungua mpaka viatu vya kanisa vikamwingia. Akajaribu kitanda kwa mito mitatu, akashinda. Akatoa mmoja. Asubuhi moja nikaamka nikakuta mguu wake baridi umenikanyaga, nikalia kwa furaha. Yeye akauliza ni nini, mbona namlilia kama maiti.

Nikakimbia nje na kanga. Sisimizi walikuwa kwa Mbuthia! Wamejaa tele! Nilicheza pale peke yangu, nikamshukuru Mungu kwa Kikuyu na Kiswahili. Ndipo nikageukia mgomba wa Oduor. Chini palikuwa pasafi kabisa.

Nikaenda kugonga mlango wake. Alikuwa ameketi kwenye kiti, blanketi mabegani, miguu imevimba juu ya kipande cha mbao.

"Fundi, umelala hapo?"

"Kitanda changu kina kelele, Mama Emmah. Uliza mume wako."

"Umefanya nini na hizo dawa?"

Akatazama chini. Alikuwa anabeba mfuko, si nilijua? Akipitia kwenye kibanda chake cha kazi, anamwaga tembe za mkebe huu kwenye ule, za ule kwenye huu. "Wewe una mtu wa kurudi kitandani," akasema. "Mimi huko kwangu nalala na msumeno."

Mungu anisamehe, nilisimama pale nikifikiria kunyamaza. Ule mguu baridi ulikuwa bado uko akilini mwangu. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Mbuthia kila kitu.

Sijawahi kumwona amekasirika hivyo. Alivuka ua na mkebe mkononi, akausukuma mlango wa Oduor bila kubisha hodi.

"Mwizi wewe! Umeniibia ugonjwa wangu!"

"Niliuazima tu."

"Rudisha!"

"Njoo uuchukue kama una nguvu."

"Nguvu si ndizo umenipa, mjinga wewe!"

Wakashikana mashati, nikafikiri watapigana. Kumbe walikuwa wanashikiliana wasianguke.

Daktari Kiilu alitusikiliza vizuri mpaka tukafika kwa sisimizi, akashika kichwa. Alitugombeza kama watoto wa nasari. Akapiga simu kwa wakubwa wake, akarudi na mikebe mipya na kusema kila mtu ameze za mkebe wake, na hataki tena kusikia habari za migomba.

"Likiisha jaribio mtajua," akasema. "Ngojeni kidogo."

"Nitangoja kitini," Mbuthia akasema. "Nimekizoea."

Miguu yake ikavimba tena. Lakini shida kubwa ikawa Oduor. Alichukua mkebe wake akauweka juu ya kabati, akakataa kumeza. Tulimbembeleza, tukamtukana, wapi! "Siwezi kumeza pumzi na mtu amekaa kitini mbele yangu," akasema. "Nitameza siku mwenye ploti atapata sisimizi wake mwenyewe." Na alikuwa anazidi kuvimba. Tungewazika wote wawili.

Siku chache baadaye nikasikia kelele nyuma ya nyumba. "Mama Emmah! Wamekuja! Wamekuja kwa mwenye ploti!" Oduor alikuwa anaonyesha kwa kidole, machozi yanamtoka. "Kumbe walichelewa tu! Sisimizi wa huyu mzee ni wavivu kama yeye!" Akaingia ndani, akatoka na mkebe, akameza tembe mbele yetu kwa kikombe cha maji. Nami nikaruka, nikaimba. Nilidhani Mungu amebadilisha mawazo.

Ilikuwa wiki iliyofuata ndipo nikashangaa mkebe wa sukari kuisha. Katika nyumba yetu anayetumia sukari ni mimi peke yangu.

Asubuhi iliyofuata nilisimama dirishani jikoni. Mbuthia alitoka na fimbo, akipumzika kila baada ya hatua chache. Akafika kwenye mgomba wake. Akatazama kwa Oduor, akatazama huku na huku, akatoa karatasi mfukoni. Akainama kwa shida, akamwaga sukari pale chini, akaivuruga kwa udongo na ncha ya fimbo. Halafu akaegemea mgomba, akihema, mpaka akaweza kurudi.

"Umetoka wapi?" nikamuuliza.

"Kumwagilia."

Punje za sukari zilikuwa zimeshika kwenye mkono wa sweta yake. Nikazipangusa, nikamketisha kitini, nikamwinulia miguu kwenye stuli.

Hapo Oduor akapita nje akienda kazini, amesimama wima, mbao begani. Akachungulia dirishani.

"Mama Emmah, umeona sisimizi wa mzee leo?"

"Nimewaona," nikamwambia. "Wamejaa. Nenda kazini, unatuzibia mwanga."

Alipopotea kwenye kona, nikachukua kikapu nikaenda dukani kununua sukari, ile pakiti kubwa.