Ticha wa Chumba cha Kufulia

Katika chumba cha kufulia cha hoteli wenzake walimwita Ticha, kwa sababu Kifaransa alichokipenda shuleni hakikumtoka kichwani. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili, na yeye alikunja na wifi yake, mke wa kaka yake. Basi kila shuka likawa darasa. Ticha anavuta ncha zake na kusema “mon lit”, kitanda changu. Wifi anavuta zake na kujibu “mon chambre”, chumba changu, badala ya “ma chambre”. Wifi aliboronga kweli kweli. Ticha akamwelewesha kwamba Wafaransa, kama sisi na kiti changu na nyumba yangu, hufuata kitu chenyewe, hata mwenye nacho awe mwanamume au mwanamke. Wifi alipopatia, Ticha alifurahi kuliko mwanafunzi mwenyewe.

Mapokezi palikuwa na nafasi moja, ya mtu wa kuzungumza na wageni wa lugha hiyo. Ticha aliitaka kwa kufa na kupona, maana dawa za kufulia zilikuwa zimemwachia kikohozi, na daktari alishamwonya atoke mle. Siri hiyo alimwambia wifi peke yake. Wakakubaliana waende kwa meneja pamoja Jumatatu, apate atakayepata.

Jumatatu wifi hakutokea. Ticha akapanda peke yake, akamkuta wifi mapokezi ndani ya sare mpya, anamkabidhi mgeni “votre clé”, ufunguo wako, ulimi mwepesi kabisa. Meneja alimpokea Ticha kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma. Alisema Kifaransa chake hana shaka nacho, ila mtu wa kukohoa hawezi kusimama mbele ya wageni. Wifi yake ndiye aliyemdokeza, tena kwa sauti ya kumsikitikia.

Ticha alishuka ngazi akijiona mjinga wa mwisho. Kila neno alilosikia pale juu alilifundisha yeye.

Jioni kaka yake akamwita kwake wampongeze wifi. Soda zilikuwa mezani. Kaka alimsihi asinune, wote ni familia moja, tena wifi angemhitaji bado, kwani umoja na wingi wa Kifaransa ulikuwa unamshinda.

“Kaka,” Ticha aliuliza, “ulijua atamwambia meneja habari za kifua changu?”

Kaka akainama chini ya meza kutafuta kifungulio, nacho alikuwa amekishika mkononi.