Nyumba Iliyotii Kanuni

Jumanne ni siku ya taka Briar Glen, Kansas City, na pipa likikawia barabarani chama cha wenye nyumba hukuletea onyo. Kwa hiyo Ernestine Gaither alitoka mapema kulirudisha lake, akakanyaga hewa, akaanguka kifudifudi kwenye nyasi. Alipogeuka aliona nyumba yake imeinuka juu ya msingi kwa kimo cha goti. Paka wa jirani alikuwa amelala chini yake. Ernestine akajipangusa, akaenda kuchukua pipa.

Jana yake alikuwa ametia saini kujiunga na chama, akaahidi kutii kanuni zote bila kuzisoma, kama watu wote.

Nyumba hiyo aliinunua kwa ajili ya mama yake, Bi Odessa, aliyefagia nyumba za watu mtaa huohuo tangu usichana. Uzeeni bibi alitaka jambo moja tu: kupanda waridi kwenye udongo wake mwenyewe. Sasa magoti yake hayakuweza kushuka kimo kile. Akawa anakaa mlangoni na mche wake ndani ya kopo, akiutazama udongo.

Mchana akaja Dale Lindquist, mwenyekiti wa chama, na utepe wa kupimia.

"Bi Ernestine, paa lako limepita kimo."

"Nyumba imepanda yenyewe, bwana. Mimi sijajenga kitu."

"Kanuni haziulizi nani kapandisha."

Ernestine akaingia ndani. Akaketi akazisoma kanuni zote: rangi za milango, urefu wa nyasi, marufuku ya kuanika nguo nje. Kwenye kurasa za zamani kabisa akakuta kifungu kwamba mtu mweusi hataishi kwenye ardhi ya Briar Glen, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Akamsomea mama yake.

"Basi nyumba haina kosa," alisema Bi Odessa. "Imetii. Kwenye ardhi hatupo."

"Nitakifuta, mama."

Kukifuta kulihitaji kura za wenye nyumba, katika mkutano uliotimiza akidi, na Briar Glen haikuwahi kutimiza akidi tangu watu waanze kununua televisheni. Ernestine alipiga hodi mlango kwa mlango. Walimpokea vizuri. Marge Tolliver, jirani wa kushoto, alimshika mkono kabisa.

"Mpenzi, kifungu hicho kilishakufa. Serikali ilikiua zamani. Ya nini kukifukua?"

"Kama kimekufa, njooni tukizike."

Marge akacheka, akasema atajitahidi kuja.

Hakuja. Waliokuja walikaa safu ya mbele tu, kila mmoja akasema ni aibu kubwa, na alimaanisha. Dale akahesabu viti vitupu, akaufunga mkutano. Lakini kamati ya chama haikukosa huruma. Iliruhusu nyumba ielee, mradi uwazi wa chini ufichwe kwa ubao wa rangi ya maziwa. Tena Dale mwenyewe alimletea Bi Odessa aproni mpya.

"Kifungu kinamruhusu mtumishi," alieleza kwa upole. "Ukiivaa unapotaka kutoka, tatizo limekwisha. Hatutakuuliza unamtumikia nani."

Bi Odessa akaifunga kiunoni, ili aone. Nyumba ikashuka taratibu mpaka ikatua, na vikombe kabatini havikulia. Udongo ulikuwa hapo, unafikiwa kwa mkono. Aliutazama kitambo, machozi yakimlenga. Kisha akaifungua aproni, akaikunja vizuri kama alivyozoea kukunja za watu, akamrudishia Dale. Nyumba ikapanda, na Dale ikambidi aruke chini.

"Usiku mwema, bwana," alisema Bi Odessa, na jua lilikuwa bado kali.

Ernestine alitia mfukoni karatasi ya saini za watakaoahidi kuja mkutano mwingine, akaruka chini, akageuza mgongo. Mama yake akamshika shingo, akapanda.

"Tuanzie wapi?"

"Kwa Marge."

"Kwa Marge nilishakwenda, mama."

"Mimi sijaenda. Twende."

Marge alifungua mlango, akafurahi kuwaona. Akauliza kama wangependa keki, bado ya moto. Bi Odessa, kutoka mgongoni, akamnyooshea kalamu atie saini. Marge akaitazama, akatabasamu, akaenda kukata keki. Walimsubiri pale pale mlangoni, kalamu ikiwa imenyooshwa.