Vibao, Vimeng'enya na Chupa ya Chai

Ninayoyasimulia hapa ni kweli tupu. Nikiwa nimetia chumvi hata punje, meno yangu yaliyobaki, yote sita, yadondoke kwenye supu mbele ya wageni.

Mimi ni fundi mafriji mstaafu. Enzi zangu nilitengeneza friji lililogandisha kivuli changu. Nikarudi nyumbani bila kivuli, nikakifuata kesho yake kilipoyeyuka. Kwa hiyo binti yangu aliporudi na kikopo cha barafu, akasema friji la maabara yao limekufa na kijichupa chake kitalala kwetu, nilijiona nimerudishwa kazini.

Kijichupa chenyewe hakikuzidi pingili ya kidole, na ndani niliona maji tu.

"Si maji, Baba. Humo mna vibao vilivyofumwa kwa nyuzi za DNA, vidogo hata hadubini ya shule haivioni. Juu ya kila kibao nimeketisha vimeng'enya viwili, bega kwa bega. Cha kwanza kinakula sukari, kinamrushia mwenzake anachokitoa, na mwenzake anageuza maji kuwa ya kijani. Wakikaa mbalimbali, kazi inazorota."

"Kama majirani wanaopeana moto juu ya ua."

"Ehee. Kesho saa nne watahini watatu wanataka kuiona hiyo kijani kwa macho yao. Isipotokea, miaka yangu minne imekwenda na maji. Kwa hiyo usikiguse!"

"Nikikigusa, nifungwe mdomo saa mbili nzima."

"Wewe?" mama yake akacheka toka jikoni. "Dakika mbili tu tutakuzika."

Asubuhi, saa kumi na mbili, binti aliondoka kuandaa chumba. Mimi nimpelekee kikopo saa tatu na nusu. Sasa niambie, mtu mzima afanye nini hadi saa tatu na nusu? Nilifungua friji, nikalifunga. Nikanyoosha pazia ambalo halikupinda. Nikalifungua tena friji, nikakitoa kijichupa nikiangalie kwenye mwanga, kidogo tu. Kikaniponyoka, kikabiringika hadi chini ya jiko.

Nilikivua kwa mpini wa ufagio, jasho likinitiririka. Kizibo kilikuwa kimeshika, lakini vibao je? Si vimeachana kama kiti cha kukunja? Daftari la binti lilikuwa mezani. Mimi sikusoma shule nyingi, ila hakuna karatasi inayonipita. Nikakuta: "Pasha hadi nyuzijoto tisini, kisha poza polepole. Nyuzi zitajikunja zenyewe kuwa kibao." Nikashukuru! Nikamimina maji ya moto kwenye chupa ya chai, nikakining'iniza kijichupa ndani kwa uzi, nikazunguka meza mara mia na kumi nikisubiri kipoe. Ukurasa wa pili sikuufunua. Wa nini, na wa kwanza umenifaa?

Saa tatu nikakirudisha kwenye barafu. Chupa ya chai nikaijaza chai, maana watahini nao ni watu.

Kule maabara binti alidondosha tone kwenye bakuli la kioo lenye maji ya sukari. Tukasubiri dakika tano, kumi, kumi na tano. Maji yakabaki maji. Mguu wangu ukaanza kupiga sakafu wenyewe. Binti alikuwa ameng'ata mdomo hadi umekuwa mweupe.

"Itakuwa ile radi," nikasema.

"Radi gani, mzee?" akauliza mtahini mkuu, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba.

"Imepiga njiani, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Kofia yangu imewaka. Karibu chai."

Nikammiminia. Chai ikatoka, na nyuma yake kikatoka kikaratasi, kikaelea kikombeni. Mama akakiopoa kwa kijiko, akavaa miwani, akasoma: "Vibao vyenye vimeng'enya. Usipashe moto."

Ilikuwa lebo ya kijichupa. Binti akakiinua kijichupa kwenye dirisha. Kiuno cha kijichupa kilikuwa kitupu, na ndani kulielea vipande vyeupe.

"Baba. Umepika yai."

"Daftari lako limeandika nyuzi tisini..."

"Za kibao kitupu! Vimeng'enya ni protini, vinawekwa baadaye, bila joto! Hukufunua ukurasa?"

"Nilikuwa na haraka ya kusubiri," nikasema, na hilo ndilo neno la kweli la kwanza nililosema siku ile.

Kumbe, asiweke vyote mahali pamoja, alikuwa ameacha akiba kwenye friji la maabara jirani: vibao vitupu, na vimeng'enya vilivyofungwa vimkia vya uzi, ili kila kimoja kinase mahali pake. Kunasa huko kulitaka saa mbili, kwenye maji ya vuguvugu yasiyobadilika. Mashine ya kutunza joto ilikuwa imeungua pamoja na friji.

Watahini wakanong'ona. "Tutasubiri hadi saa nane," mama akasema. "Zaidi ya hapo hatuna."

Binti akanivutia kiti, akaniwekea beseni la maji ya vuguvugu lenye kijichupa kipya, kipimajoto na vijiko viwili, cha maji ya moto na cha maji baridi.

"Kaa. Usiachie joto lisogee hata nyuzi moja. Na mdomo, Baba. Uliahidi."

Nilikaa. Mgongo uliwasha, magoti yakataka kutembea yenyewe. Kijiko cha moto, kijiko cha baridi. Saa ya kwanza ilipopita nikaanza kupiga mluzi. Binti akaongeza nusu saa kwenye kifungo cha mdomo wangu, bila kunitazama.

Saa mbili zilipotimia akakichukua kijichupa, akadondosha tone. Chumba kizima kikainama. Chini ya bakuli kikaanza kivuli cha kijani, kikapanda, hadi yote yakawa kama jani baada ya mvua. Mtahini mkuu akapiga makofi. Binti akajifuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe.

"Mzee," mama yule akanigeukia, "binti yako ananiambia uliwahi kugandisha kivuli. Ilikuwaje?"

Nikafumbua mdomo. Binti akatazama saa ya ukutani.

"Bado dakika ishirini na nne, Baba."

Nikaufumba.