Maumivu: Hakuna

Nesi alimuuliza kinyozi anafanyia kazi mkono upi, ili achome ule mwingine. Kinyozi akatunisha kifua: "Mikono yote miwili." Kisha akatoa wa kulia, kwa heshima.

Chanjo ya UKIMWI aliyochomwa ilikuwa ya majaribio. Haikuwa na kirusi hata kimoja. Kwanza ilipimwa kama ni salama kwa watu wazima wa afya. Maneno hayo, "mzima wa afya", kinyozi aliyapenda mno. Waliomba watu arobaini; waliofaulu vipimo ni kumi na wawili tu, naye akiwemo. Tena dada yake aliyemlea alichukuliwa na ugonjwa huo. Aliapa kufika mpaka sindano ya mwisho.

Alipewa kadi ya kujaza kila jioni: maumivu, homa, uvimbe. Jioni ile mkono uliwaka moto. Akaandika: Hakuna.

"Baba watoto," mkewe alisema, "shati nimekuvua mimi kama mtoto mchanga, halafu unaandika hakuna?"

"Punguza sauti. Huu ni mtihani. Ukisema unaumwa, wanakutoa."

"Na huo uvimbe?"

"Msuli huo."

Asubuhi akaingia mteja wa kwanza: daktari wa jaribio mwenyewe, mdogo wake anaoa saa nane. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni. Akainua mashine kwa mkono wa kulia. Ikafika usawa wa sikio, ikagoma. Akahamishia kushoto.

Daktari akajitazama kwenye kioo. Upande mmoja uwanja, mwingine ngazi.

"Fundi, huu nao ni mtindo?"

"Mpya kabisa. Tulia tu."

"Hebu inua mkono wa kulia."

"Si huu, uko juu."

"Uko begani kwangu."

Kinyozi akazima mashine. "Daktari, usinitoe. Nilimwapia marehemu dada yangu."

"Nani kakwambia anayeumwa anatolewa? Mkono kuuma tulitarajia. Kadi ile ndiyo kazi yenyewe, kaka. Ukinidanganya, watakaofuata nitawaongezea dozi nikidhani hakuna aliyeumia."

Kinyozi akaweka mashine mezani. Akatoa kadi mfukoni, akalikata neno "Hakuna" kwa mstari mmoja, akaandika kwa kushoto, herufi zikipepesuka kama zimelewa: *Makali. Ushahidi: kichwa cha daktari.*

Daktari akaisoma, akapapasa ngazi zake.

"Vizuri sana. Sasa kamwite mkeo aje amalizie kunyoa."