Sitaki Kaka Mwingine

Risasi ilimpata Kétsia pajani akitoka kukamua ng'ombe. Alipofikishwa hospitali ya Masisi, viganja vyake vilikuwa vimepauka. Daktari alitaka damu siku hiyohiyo, na friji ya damu ilikuwa tupu.

Archange, mchumba wake, dereva wa pikipiki, akakunja mkono wa shati.

"Ngoja!" Shangazi wa Archange, Mama Béata, alimshika. Kwao, msituni Walikale, waliochanganya damu ni ndugu, na ndugu hawaoani. "Ukimupa damu, njo dada yako huyu. Hautamuoa tena."

"Bora dada muzima, Mama."

Kétsia alifumbua macho. "Mimi sitaki kaka mwingine. Stéphane ananitosha, na kelele yake."

Archange alitoa damu ya kupimwa hata hivyo. Papa Jean-Marie wa maabara aliporudi na majibu, aliketi karibu naye kwanza, kisha akasema polepole:

"Kundi ni moja. Lakini damu yako iko na virusi ya homa ya ini. Nikimuwekea, ninamuponyesha leo, kesho ninamugonjesha."

Archange aliutazama mkono wake kama wa mtu asiyemjua. "Sijasikia hata maumivu."

"Inakaaka kimya. Tutakufuata na dawa."

"Sasa mimi niko wa kazi gani hapa?"

Mama Béata ndiye aliyejibu. "Piki yako iko na mafuta? Stéphane iko kambini Lushebere. Enda umulete."

Tangu asubuhi bunduki zilikuwa zikilia kwenye barabara hiyo. Archange alikwenda.

Jua halijazama alipoingia na Stéphane nyuma yake kwenye pikipiki, wote matope hadi kiunoni, taa ya pikipiki imevunjika. Damu ya Stéphane ilipimwa, ikaonekana safi, ikaanza kushuka tone kwa tone.

Viganja vya Kétsia vilipoanza kupata rangi, alimtafuta Archange kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Unasimama kule kama mugeni?"

"Niko na virusi."

"Papa Jean-Marie amenieleza. Nitapimwa, nitachanjwa, kisha ndoa. Mukono haiambukize. Kuja."

Archange alimtazama shangazi yake. Mama Béata alisogea kwenye benchi, akampisha.

"Enda basi. Damu yako ilibakia kwako. Haujakuwa kaka ya muntu."