Mkasi wa Baba na Vilima Viwili

Nilimwonea wivu Eustache tangu siku aliyoingia maabara yetu pale Remera, kompyuta yake ameikumbatia kama mzazi wa mtoto wa kwanza. Mwaka ulikuwa 1991. Kabla yake mimi, Swafiya binti fundi cherehani wa Biryogo, ndiye niliyepima dawa zote.

Mashine ya kutenganisha dawa ilichora vilima kwenye karatasi, kila dawa na kilima chake. Nilivikata kwa mkasi wa baba nikaviweka kwenye mizani: karatasi ikiwa nzito, dawa ni nyingi. Vilima viwili vikipandana, nilikata wima pale bondeni. Miaka sita hakuna aliyelalamika.

"Dada Swafiya, kilima kikubwa kinaburuta mkia chini ya kidogo," Eustache alisema kwa adabu zake zile za kuudhi. "Ukikata wima, kidogo unakipa kisicho chake."

Yeye alitafuta kwa hesabu maumbo mawili ambayo yakijumlishwa yanarudisha mchoro uleule. Mkuu wetu, Mzee Viateur, siku hizi alimwita yeye kwanza. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilizidi kuugua.

Mwishowe Mzee akaamua tushindanishe njia. "Swafiya, changanya dawa mbili kwa kipimo unachokijua wewe tu. Mimi nitakata kwa mkasi wako, Eustache apige hesabu. Itakayopatia ndiyo tutakayoishika."

Nilitia ile ndogo sehemu thelathini katika mia. Mkasi ukasema thelathini na sita. Kompyuta ikasema thelathini.

"Haya, ulitia ngapi?" Mzee aliuliza.

Eustache hakuwa hata na wasiwasi, na hilo ndilo lililoniunguza. Roho mbaya haijengi, najua, mama alinifunza.

"Thelathini na sita," nikasema.

Mzee alinirudishia mkasi akicheka. Nilingoja Eustache abishe, nilishajiandaa kumjibu. Yeye akachukua kalamu, akaikata namba yake.

"Basi hesabu yangu ndiyo mbovu," alisema. "Mizani ya dada Swafiya haijawahi kukosea."

Akaketi, akairekebisha hesabu yake mpaka nayo ikatoa thelathini na sita. Alasiri aliniletea majibu yake ya kwanza kwa hesabu hiyo mpya. Ilikuwa dawa ya homa ya watoto. Aliniomba nitie saini ili iende hospitalini, nami nikatia.