Mshale wa Rubeni

Heche Machage alimwua Swaleh siku ya Alhamisi, saa kumi jioni, kwenye njia ya miguu inayotoka kijiji cha Umoja kwenda Mugumu. Alikuwa amejibanza kwenye kichaka cha migunga tangu saa saba, na mbung'o walikuwa wamemuuma shingoni mpaka akaacha kuwafukuza. Swaleh alikuja akikokota baiskeli, maana upande ule ni mchanga mtupu na baiskeli haipandiki. Alikuwa akiimba kwa sauti ndogo. Mshale ulimwingia chini ya bega la kushoto. Hakupiga kelele. Aliiegemeza baiskeli yake vizuri kwenye mti, kama mtu anayekusudia kurudi kuichukua, kisha akakaa chini, na hakuinuka tena.

Heche alingoja mpaka alipokuwa na hakika. Halafu akazunguka porini, akaukata upinde vipande, akavifukia, na kufika kambini kabla jua halijazama, mkononi akiwa na mtego wake wa kitambaa cheusi kama kawaida.

Kijijini Heche na wenzake walijulikana kama mabwana mbung'o. Walikuwa wanne: Kisyeri, mkuu wao, Agustina, aliyevaa gauni la unesi na kuwapima watu na mifugo damu, Bushiri, dereva wa Landrova, na Heche, aliyezunguka porini akitundika mitego. Mwaka ule wa 1975 watu wa kila aina walikuwa wakifika katika vijiji vipya, huyu akipima viwanja, yule akihesabu mifugo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza maswali. Mbung'o waliwakamata kweli, na damu walipima kweli. Lakini barua iliyowaleta haikutoka idara ya mifugo. Ilitoka ofisi moja isiyo na kibao mlangoni, na ilisema kwamba Swaleh, muuza duka wa kijiji cha Umoja, alikuwa anapeleka barua kwa adui ng'ambo ya ziwa. Katika barua ya mwisho alikuwa ametaja majina ya vijana wawili wa serikali waliokuwa kule kwa siri. Vijana hao hawakuonekana tena.

Heche alikuwa ameijua kazi hii kwa miaka saba. Alizaliwa Kemambo, akaingia jeshini, na jeshini mtu mmoja akagundua kwamba mkono wake hautetemeki. Kwa kila jina alilopewa alijiambia kwamba wenye kujua walikuwa wameshapima. Na kazi ikiisha, timu iliondoka siku ileile.

Safari hii hawakuondoka. "Tukiondoka leo hata mtoto atajua," Kisyeri alisema. "Tutakaa. Tutazika pamoja nao."

Basi wakazika. Wanawake waliokwenda kuokota kuni ndio waliomkuta marehemu, na kilio kikaenea kijiji kizima. Asubuhi ya Ijumaa, kwa kuwa Waislamu pale Umoja walikuwa wachache mno, Bushiri aliombwa asaidie kuosha maiti. Alikwenda. Aliporudi alikaa nyuma ya usukani wa gari lililozimwa, mikono ikiwa bado na maji. Heche yeye alipewa jembe. Ardhi ilikuwa ngumu, na kila mwanaume alichimba kwa zamu. Zamu ya Heche ilipokwisha, mwenyekiti wa kijiji, mzee Werema, alimpokea jembe akamwambia, "Asante, bwana mbung'o. Wewe ni mwenzetu sasa."

Jumamosi ndipo mambo yalipogeuka.

Mshale uliotolewa mwilini ulikuwa umewekwa ofisini kwa mwenyekiti. Katika nchi ile kila mfua mishale ana alama yake, mikato midogo karibu na manyoya, ili wawindaji wakigombania mnyama ijulikane ni wa nani. Mikato ya mshale ule ilikuwa mitatu na mmoja wa kupinda. Wazee waliiangalia, wakatazamana. Ilikuwa alama ya Rubeni.

Rubeni alikuwa mwindaji aliyejifulia mishale mwenyewe, mtu mpole mwenye kucheka ovyo. Miezi mitatu nyuma alikuwa amegombana na Swaleh hadharani kwa ajili ya chumvi iliyofichwa chini ya kaunta. Haikuhitajika zaidi ya hapo. Mgambo walimtoa shambani kwake mbele ya mke wake Robi, wakamfunga kamba, wakamtia katika ghala la pamba la kijiji wakimsubiri ofisa kutoka Mugumu.

Heche alimkuta Kisyeri akinyoa ndevu mbele ya kioo cha gari.

"Ule mshale uliupata wapi?"

"Sokoni Mugumu. Mshale ni mshale."

"Una alama ya mtu, Kisyeri. Wewe na mimi ni watoto wa mkoa huu. Usiniambie hukujua."

Kisyeri alifuta wembe kwa kitambaa. "Nilijua una alama. Sikujua ni ya nani, wala sikutafuta kujua. Mtu akiuawa, watu wanataka kupata aliyeua. Wakishampata, hawatafuti tena."

"Watamnyonga."

"Pengine. Pengine atafungwa tu." Akamtazama Heche kupitia kile kioo. "Una nini wewe? Umekuwa mgonjwa?"

Heche alirudi hemani kwake. Mchana ule alisikia sauti kutoka ghalani, si kelele kubwa, na baadaye Agustina aliitwa kumtazama mfungwa. Aliporudi aliosha mikono kwa muda mrefu. "Wamemvunja vidole vya mkono wa kulia," alisema. "Walitaka akubali. Hajakubali. Ananiuliza mimi, nesi, kama nimeona kitu chochote kule porini ninapopita." Alikausha mikono kwa gauni lake. "Nimemwambia sijaona."

Jumapili watu walipokwenda kanisani, Heche alichukua mtego wake akazunguka nyuma ya nyumba ya marehemu, kana kwamba anatafuta mahali pa kuutundika karibu na banda la mbuzi. Arafa, mjane, alikuwa ndani, amekaa eda. Mwanaume asiye wa nyumba hiyo hakuruhusiwa kumwona. Heche alisimama chini ya kidirisha kilichozibwa kwa kanga.

"Mama Abdurahmani, pole na msiba."

"Nimeshapoa. Nani huyo?"

"Heche, wa mbung'o. Nisamehe kuja hivi. Rubeni hakumwua mume wako."

Mbuzi mmoja alikuwa akijikuna kwenye ubao.

"Unajuaje?" sauti ikauliza.

Alikuwa amejiandaa kusema aliona watu wengine njiani, wezi wa ng'ombe, wageni. Maneno alikuwa ameyapanga tangu alfajiri. Alifungua kinywa, na hayakutoka.

"Ninajua," alisema.

Halafu akasikia mkeka ukilia, kama mtu anayejisogeza karibu na ukuta. Arafa aliposema tena, sauti yake ilikuwa karibu kabisa na kichwa cha Heche.

"Mume wangu aliniambia watakuja. Alisema watakuja na bunduki, kwa gari. Hakufikiri watakuja na vitambaa vyeusi, wapime mbuzi wangu." Alipumua. "Amekufa vibaya?"

"Upesi."

"Unasema hivyo kwa wote?"

Heche aliushusha mtego wake chini.

"Basi nikuambie nawe ulichoua," Arafa alisema. "Swaleh alisoma chuo cha Kurani tu, herufi zenu hakuzijua. Barua zile niliandika mimi, kila moja, kwa mkono huu. Mwanetu Abdurahmani alivuka ziwa kutafuta kazi, wakamkamata kule. Wakatuma mtu: andikeni tunayotaka kujua, na mwanenu atakula. Msipoandika, hatakula. Tukaandika. Ungekuwa na mtoto ungefanyaje?"

"Sijui."

"Hujui." Hakusema kwa hasira. "Umekuja nikufanyie nini?"

"Nataka Rubeni atoke."

Arafa akasema, "Saa ile Rubeni alikuwa uani kwangu akitengeneza mlango wa banda. Ndivyo nitakavyomwambia mwenyekiti. Mjane akimtetea anayedaiwa kumwua mumewe, nani atabisha? Lakini wewe nenda kwa hao wakubwa wako uniletee habari za mwanangu. Mnaojua kila kitu, hilo mtalijua."

Arafa alitimiza neno lake siku ileile. Mzee Werema aliitwa, akasimama mlangoni na wazee wawili, na mjane akasema kutoka ndani maneno yake yale, bila kuongeza wala kupunguza. Jumatatu asubuhi Rubeni alifunguliwa. Alitoka ghalani akipepesa macho, mkono wa kulia ameuficha kifuani. Watu walimpisha njia. Wengine walicheka kwa aibu, wakamwita ndugu. Robi alimshika kiwiko, wakaenda zao, na kabla mwezi haujaisha walikuwa wameshahama. Vidole vyake viliunga vibaya, na Heche alisikia kwamba hakuweza tena kuvuta upinde.

Kisyeri aliudhika, ila hakushuku. "Mwanamke mjinga," alisema. "Basi. Sisi tunakwenda Musoma leo. Wewe utabaki na mitego yako, uone nani atakuja kuulizia barua kwa mjane."

"Nibaki bila kujua ninachotafuta?" Heche akasema. "Wana mtoto kule ng'ambo. Jalada linasema nini juu yake?"

Aliuliza kama mtu anayeulizia mafuta ya gari. Kisyeri alikuwa akifunga mizigo, akajibu bila kuinua kichwa.

"Yule alikufa. Zamani."

"Lini?"

"Miaka miwili, zaidi. Ugonjwa, au walimpiga, hatukupata kujua. Hakumaliza hata miezi sita gerezani."

"Na ofisi ilijua?"

"Ilijua, ndiyo. Sikiliza, Heche. Barua za Swaleh zilikuwa zinapita mikononi mwetu kabla hazijavuka. Kwazo tuliwajua wenzake wanne. Tungemwambia mtoto kafa, angeacha kuandika, tungewajuaje? Ile moja tu ndiyo iliyotupita, ile ya vijana wetu. Baada ya hapo hakuwa na faida tena." Alikaza kamba. "Nipe hiyo ncha nyingine."

Heche alimpa ncha. Alimsaidia kufunga mizigo yote, akaipakia garini. Bushiri aliwasha gari bila kumuaga. Agustina alitoa mkono dirishani, akaurudisha ndani.

Neno moja tu. Hilo ndilo alilowaza akirudi kijijini kwa miguu. Mtu mmoja angemwambia Swaleh neno moja, mkono wa Arafa ungeacha kuandika, vijana wale wawili wangekuwa hai, na Swaleh angekuwa dukani akificha chumvi.

Jioni alisimama tena chini ya kidirisha.

"Mama Abdurahmani."

"Sema."

Akasema. Alisema yote, na miaka miwili, na kwamba ofisi ilijua, na sababu yake. Hakusikia kilio. Alisikia kanga ikitolewa dirishani, na mara akauona uso wake, uso wa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, macho makavu. Alikuwa amevunja eda yake ili amwangalie. Alimwangalia kwa muda, kama mtu anayejifunza sura ili asiisahau.

"Kaburi liko wapi?"

"Hawajui."

"Nenda," alisema. "Nina miezi minne na siku kumi za kukaa humu ndani. Nikitoka nitaamua kama nitakutaja."

Heche alibaki Umoja. Angeweza kukimbia, mpaka wa Sirari haukuwa mbali. Alibaki akakamata mbung'o, akachimba mtaro na wenzake, akala ugali wao, na kila baada ya wiki mbili alipeleka taarifa Musoma kwamba hakuna aliyekuja. Watu walimzoea. Mzee Werema alimtengea ekari moja ya mihogo. Nyuma ya nyumba ya mjane alipita kila siku, na kanga ilikuwa imerudishwa pale pale dirishani.

Siku zilipotimia, Arafa alitoka. Alikabidhi funguo za duka, akawaaga majirani mmoja mmoja, akapanda basi la Musoma na sanduku lake. Alipopita mbele ya Heche hakugeuka.

Heche alingoja siku ile, na ya pili, na ya tatu. Alikuwa akitazama barabara kuona kama mgambo wanakuja. Hawakuja. Hakuwa ametajwa. Alidhani angepumua, lakini usingizi haukumjia.

Siku ya nne asubuhi alimkuta mzee Werema nje ya ofisi akinoa panga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi?"

"Nina neno. Ni refu." Heche alikaa chini, mikono juu ya magoti. "Mwite na mkuu wa mgambo. Nataka na yeye asikie."

Mzee Werema alimtazama, akaliweka panga chini taratibu, akaita.